Kasha la zambarau peke yake halimsaidii anayeanguka: maswali yenu na majibu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa familia zilizoanza jiokashingi, mchezo wa kutafuta kwa GPS makasha yaliyofichwa, baada ya mtoto kuambiwa ana kifafa, na sasa zinataka mchezo huo uwafundishe majirani. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba nyingi zinauliza rangi ya kasha, kama liwe la zambarau, rangi ya kampeni za kifafa, na chache zinauliza mpita njia afanye nini mtoto akianguka mbele yake. Nimechagua maswali yanayonipa nafasi ya kuwarudisha kwenye hilo la pili.

Mtoto wetu wa miaka 8 ana kifafa. Tumetengeneza kasha la kuelimisha watu kuhusu kifafa, tukaandika ukurasa mzuri, mhakiki anayepitisha makasha akalikataa. Kwa nini? (Mzazi, Entebbe)

Kwa sababu kanuni zinakataza. Ukurasa wa kasha kwenye geocaching.com, tovuti ya mchezo huu, haubebi kampeni ya aina yoyote: si siasa, si dini, si biashara, si hisani, wala jambo la kijamii hata liwe jema namna gani. Kifafa hakijabaguliwa hapo. Msigombane na mhakiki, anajitolea na anafuata alichopewa.

Njia iliyo wazi ni vibati vya Travel Bug. Kibati kina namba yake ya kufuatiliwa, kinafungwa kwenye kitu kidogo, na wachezaji wanakihamisha kutoka kasha moja hadi jingine, hata nje ya nchi. Kina ukurasa wake wenye nafasi ya kuandika lengo la safari, na hapo ndipo familia duniani kote hueleza mambo yanayowagusa. Andikeni kwa ufupi, kitu cha kufanya kwa mikono: "Kifafa hakiambukizi. Akianguka mgeuze ubavu, usitie kitu mdomoni, tazama saa. Dakika 5 zikipita, mpeleke hospitali." Maneno hayohayo yachapwe kwenye kadi ndogo iliyofunikwa plastiki, itobolewe, ifungwe pamoja na kibati kwa pete ya funguo. Utepe wa kitambaa acheni: kwenye unyevu wetu huota ukungu, na anayeufungua hukitupa kibati pamoja na utepe wake.

Yanayoharibika ni haya. Watu hupiga picha ya kibati na kuiweka mtandaoni namba ikiwa inasomeka, kisha mtu asiyewahi kukiona anajifanya amekipata. Zibeni namba kwenye picha. Wengine hufunga kibati kwenye mwanasesere mkubwa usioingia kwenye kasha lolote. Kitu kisizidi ukubwa wa kiberiti. Na makasha ya Uganda ni machache na yamesambaa, kwa hiyo ukikiacha kibati kwenye kasha lisilotembelewa kitalala humo miezi mingi. Ninyi mko Entebbe, wasafiri wanapita kwenu kwenda uwanja wa ndege. Tumieni bahati hiyo.

Jambo ambalo hamkuuliza: jina kamili la mtoto na picha yake visiwekwe kwenye ukurasa huo. Ana miaka 8 leo. Siku moja atatafuta kazi na uchumba, na uamuzi wa kusema au kutosema kuhusu ugonjwa wake ni wake yeye.

Akianguka tukiwa porini, tumtie kijiko au kijiti mdomoni asimeze ulimi? (Wasomaji wanne: Kampala wawili, Gulu, Tororo)

Hapana. Swali hili limejibiwa kwenye safu hii mara nyingi mno, na kila linaporudi najua kuna mtoto mahali fulani amevunjwa meno. Ulimi umeshikwa chini ya kinywa, haumezwi. Anaweza kuung'ata pembeni. Kidonda hicho hupona chenyewe. Kijiko huvunja jino, na jino lililovunjika huweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kidole chako nacho kitatafunwa, maana taya wakati huo halina huruma.

Msimnusishe kiatu, kitunguu wala kiberiti. Msimmwagie maji, msimpe maji, msimkandamize mikono na miguu kumzuia asitikisike. Mnaweza kumtegua bega na mshtuko hautakoma mapema kwa ajili yenu. Na msirudi nyuma kwa kuogopa povu. Mate ya mgonjwa wa kifafa ni mate tu. Hakuna aliyewahi kupata kifafa kwa kugusa mate, kukanyaga mkojo, kula sahani moja au kulala kitanda kimoja na mgonjwa.

Fanyeni hivi: tazama saa. Ondoa mawe, fimbo na chochote chenye ncha karibu naye. Kunja sweta au mkoba laini uweke chini ya kichwa. Legeza kola, vua miwani. Mtikisiko ukianza kupungua, mgeuze ubavu ili mate yatoke nje. Kaa naye mpaka aweze kukuambia jina lake na mahali alipo, ndipo umpe maji. Atachoka na atataka kulala, mwache alale kwa ubavu, usimwache peke yake.

Hospitali ni lazima ikiwa mshtuko umezidi dakika 5, au mwingine umeanza kabla hajazinduka, au ameumia, au ilitokea majini, au ni mjamzito, au ndiyo mara ya kwanza maishani. Mtoto mdogo mwenye homa aliyepata degedege apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe malaria. Asisubiri asubuhi, na asikatwe chale.

Tufiche wapi kasha mjini Kampala? (Kijana, Ntinda)

Fikiri kwanza kama askari wa doria. Tangu milipuko ya Novemba 2021 katikati ya jiji, kifurushi kilichofichwa ni sababu tosha ya kufunga barabara, na askari anayefanya hivyo hakosei. Kwa hiyo usikaribie ofisi za serikali, vituo vya polisi, kambi, stendi, masoko, nyumba za ibada, benki wala shule. Bustani ya hoteli, kiwanja cha kambi ya wageni, au ua wa mtu unayemjua karibu na lango, hapo ndipo pa kuanzia. Pata ruhusa ya mwenye mahali kwa maandishi. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji au mtaa, mfungulie kasha mbele yake, mwachie namba yako ya simu.

Chombo kiwe cha plastiki angavu, kila kilichomo kionekane bila kufunguliwa. Nje bandika maandishi kwa Kiingereza, Luganda na Kiswahili: mchezo wa jiokashingi, hakuna hatari, na namba ya simu. Masanduku ya risasi yanayopendwa na Wamarekani, mabomba ya chuma, utepe mweusi wa umeme na chochote chenye waya, viacheni kabisa. Usichimbe, kanuni hazikubali kasha la kuzikwa bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi. Kutoka kasha moja hadi jingine kuwe na angalau mita 161. Kwenye hifadhi za taifa usiweke kitu bila idhini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, hata chini ya jiwe moja.

Na uwe unaishi karibu. Kasha lisilo na mwenyewe, baada ya masika moja, ni chombo cha maji machafu na karatasi iliyooza. Chagua kile chenye mpira kwenye kifuniko na vibanio pande nne, daftari ndani ya mfuko wa zipu, penseli badala ya kalamu maana wino huchuruzika, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe mwanzo wa kila msimu wa mvua. Peremende na sabuni zenye harufu huita siafu. Usiziweke.

Mtoto mmoja darasani kwangu huanguka, na wenzake hukimbia. Nataka kutumia mchezo huu shuleni. Nianzeje? (Mwalimu, Busia)

Swali lako ndilo nililolisubiri, mwalimu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwanza ongea na mzazi na mtoto mwenyewe, kila mmoja peke yake. Mtoto akisema hataki, mchezo ufanyike bila kutaja kwamba una uhusiano naye, na yeye acheze kama wengine. Asiwe mfano wa kulala chini hata akijitolea.

Kasha hili halisajiliwi popote. Ni la shule, kwa hiyo kanuni ya kampeni haikugusi. Simu hutazihitaji, na shule nyingi hazimruhusu mwanafunzi kuwa nayo. Tumia dira moja kwa kila kundi, na hatua: "Nyuzi 90, hatua 40." Hatua za mtoto wa P4 (darasa la nne) si za mtoto wa P7 (darasa la saba), basi pima mita 20 kwa kamba, kila kiongozi wa kundi atembee na kuhesabu hatua zake, na kila umbali ubadilishwe kwa hesabu hiyo. Hapo umefundisha na hisabati. Ukiamua kutumia simu yako wewe mwalimu kwa kundi moja moja, vituo vitengane mita 30 au zaidi. GPS ya simu hukosea mita 5 hadi 10, na chini ya mwembe mkubwa hukosea zaidi.

Vituo ni sita. Vyombo ni chupa za plastiki zenye mdomo mpana. Ndani ya kila chupa kuna kadi ya kazi na mwelekeo wa kituo kinachofuata. Mwelekeo wote usiutoe mwanzoni, watakimbilia cha mwisho.

Cha kwanza: "Mwenzako ameanguka. Andika saa." Kundi lisilo na saa lihesabu kwa sauti mpaka 60, litie alama, lianze tena. Cha pili: juu ya gunia kuna jiwe, fimbo, kijiko, chupa ya maji, kiatu na sweta iliyokunjwa. Wachague kimoja tu cha kumsaidia. Ni sweta. Vile vingine waseme kimoja kimoja kwa nini havina kazi, na hapa usiwaharakishe, maana kijiko na kiatu wamevitoa nyumbani. Cha tatu ni kugeuza ubavu: mkono ulio upande wako unyooshwe pembeni, mkono wa pili uletwe hadi kiganja kiwe chini ya shavu, goti la mbali likunjwe, kisha uvute goti hilo kuelekea kwako taratibu. Wasichana wageuzane wasichana, wavulana wavulana. Kila mmoja afanye. Kutazama mwenzako akifanya hakukufundishi kitu. Cha nne: mmoja anabaki, mmoja anamwita mwalimu, waliobaki wanarudi hatua 10 na kugeuka nyuma, na kanga inamfunika kiunoni, kwa sababu anaweza kujikojolea na hiyo ndiyo aibu inayowafanya watoto waache shule. Cha tano: wapewe hali tano kwenye vikaratasi, wazitenge za hospitali na za kusubiri. Cha sita ni kasha kubwa lenye daftari. Kila mtoto haandiki jina tu. Anaandika kwa maneno yake mambo matatu atakayofanya. Pembeni kuwe na boksi la maswali yasiyo na majina. Yasome jioni. Utakuta yale ambayo hakuna angeuliza kwa mdomo: kama ni mapepo, kama ni laana ya bibi, kama ataoa.

Watoto watano kwa kundi. Makundi yapishane dakika 6, la sivyo yatakutana kituo cha tatu na kunakiliana. Darasa lenye watoto 90 ligawe siku tatu.

Jambo jingine, mwalimu. Kifafa si kuanguka peke yake. Kuna mtoto anayekatika ghafla, anatazama ukuta sekunde 10, kope zinapepesa, kisha anaendelea kuandika bila kujua amepotea. Kuna anayetafunatafuna mdomo mtupu, kuchezea vifungo na kutembea bila kuitika. Hao huchapwa kwa utoro wa akili. Ukiona hilo linajirudia, andika tarehe, saa na ulichoona, mpe mzazi apeleke kliniki. Maelezo yako yanaweza kumsaidia daktari kuliko kipimo, maana kipimo cha umeme wa ubongo huweza kutoka safi kwa mtu mwenye kifafa.

Viwianishi vyangu, yaani namba za mahali kwenye GPS, vinanipeleka mbali kabisa na kasha. Simu imeharibika? (Masaka)

Simu ni nzima. Uko kusini mwa ikweta na umeandika N badala ya S. Masaka iko karibu na S 00° 20'. Ukigeuza herufi hiyo moja unatupwa kilomita 74 upande wa pili wa ikweta. Angalia pia kama umechanganya mifumo: digrii za desimali 0.340 kusini ni S 00° 20.400, si S 00° 34.000. Kosa hilo la pili ni kilomita 25.

Binti yetu wa miaka 9 ana kifafa. Tunataka kwenda naye makasha ya Jinja na Sipi. Je, ni salama? (Baba na mama, Iganga)

Nendeni naye. Kumfungia ndani hakumponyi. Ila panga safari kwa kuangalia alama ya ugumu wa ardhi, inayoanzia 1 hadi 5, kabla ya kuangalia uzuri wa mahali. Mpaka 3 kwa kawaida ni kutembea. Makasha ya 5 yanataka vifaa maalumu kama mashua au kamba za kupandia. Hayo aachiwe mwingine huku yeye akishika GPS na kuongoza. Kanuni ninayowapa: asipande juu kuliko kimo chake mwenyewe, na asikaribie ukingo bila mtu mzima aliye umbali wa mkono. Sipi, penye maporomoko ya maji, ina ukingo kila mahali, na njia za kule hugeuka utelezi baada ya mvua.

Maji ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mtu akipata mshtuko ndani ya maji yanayofika kiunoni anazama bila kupiga kelele. Mtoni Nile asiingie. Kwenye mashua avae jaketi la kuokolea tangu nchi kavu. Na hata asiye na kifafa asikanyage maji ya ufukweni Ziwa Viktoria kutafuta kasha, kichocho kipo. Usiku, mkirudi, aoge kwa ndoo na kopo, mlango usiwe na komeo.

Moto ni wa pili. Majeraha mabaya ya kifafa vijijini ni ya mafiga matatu. Mkipiga kambi, asikae upande wa jiko wala asiinue sufuria.

Kinachowaangusha watoto safarini mara nyingi si mlima. Ni kuamka saa kumi usiku kuwahi gari, kukosa chai ya asubuhi, na dawa iliyosahaulika mezani. Alale saa zake za kawaida hata kama mtaondoka mmechelewa. Dawa mbebe za siku zote pamoja na siku mbili za ziada, nusu kwenye mkoba wa mama na nusu wa baba, kwenye pakiti yake, mbali na dashibodi ya gari yenye joto. Mfukoni mwake kuwe na kadi: aina ya mshtuko wake, muda unaochukua kwa kawaida, dawa na kipimo, namba mbili za simu. Kabla ya kuondoka, hifadhi kwenye GPS mahali pa kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali iliyo karibu na kila kasha, kama unavyohifadhi kasha lenyewe, na pakua ramani zitakazofanya kazi bila mtandao. Mshtuko ukianza mahali pasipo na mtandao hutakuwa na muda wa kuuliza njia.

Miale ya simu na GPS inaweza kuleta kifafa? (Lira)

Hapana. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti, haimrushii mtu kitu kichwani cha kumwangusha. Mwanga unaomwekamweka ni jambo jingine: huwaathiri takriban 3 katika kila 100 wenye kifafa. Kama mtoto wako ni mmoja wao, hata jua linalopita kati ya miti gari likienda kasi linaweza kumchokoza. Afumbe jicho moja kwa kiganja. Kufumba yote mawili kwa kope tu hakuzuii mwanga.

Ni kweli nguruwe huleta kifafa? Na hilo linahusianaje na makasha? (Mukono)

Linahusiana kuliko unavyodhani. Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mlaji tegu tumboni. Tegu huyo tumboni haleti kifafa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mtu huyo, na mtu yeyote, hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote, akiyameza kupitia mikono michafu, mboga zisizooshwa au maji, yanaanguliwa, viluwiluwi vinasafiri hadi kwenye ubongo na kujenga malengelenge. Hayo ndiyo yanayoleta mishtuko. Kwa hiyo Mwislamu wa Mukono na mpenda nguruwe wa Mukono wako kwenye hatari moja ikiwa jirani hana choo.

Sasa mtazame mtafuta kasha: anapapasa chini ya mizizi na nyuma ya vichaka, mahali ambapo watu wasio na choo hujisaidia, kisha anafungua mandazi. Beba sabuni na chupa ya maji ya kunawia tu. Dawa ya kusugua mikono haitoshi kwa mayai ya minyoo. Tumia fimbo kuchunguza shimo kabla ya kuingiza mkono. Fimbo hiyo itakuokoa na nyoka pia. Na nyama ya nguruwe ipikwe mpaka isibaki na wekundu wowote ndani.

Huku kwetu kuna watoto wa ugonjwa wa kutikisa kichwa. Wanaweza kucheza? (Kitgum)

Walio na nguvu za kutembea, ndiyo, wakiwa na mtu mzima kwa kila mtoto. Wengi wao hutikisa kichwa wakianza kula au wakipata baridi, basi chakula kiwe kabla ya kuondoka, wakiwa wamekaa, na asubuhi ya baridi isubiriwe ipite. Makasha yasiwekwe kando ya mito yenye maji ya kasi kama Aswa. Inzi weusi wa usubi huzaliana humo na huuma mchana, na ugonjwa huu umeonekana kwenda pamoja na minyoo wanaowaeneza. Ivermektini, dawa ya minyoo hao inayogawiwa vijijini, kila mtu anayestahili aimeze, na si wagonjwa peke yao.

Binti wa miaka 16 amemaliza miezi mitatu hajaanguka. Tuache dawa? Mganga anasema amepona. (Mbale)

Msiache. Hajaanguka kwa sababu anameza dawa. Daktari huanza kufikiria kupunguza baada ya angalau miaka 2 bila mshtuko wowote, na hupunguza kidogo kidogo kwa miezi. Fenobabito, mojawapo ya dawa za kifafa, ikikatishwa ghafla huweza kuleta mshtuko juu ya mshtuko usiokoma, na watu hufa hivyo. Kliniki ikiishiwa dawa, ulizeni kituo kingine siku hiyo, msisubiri tarehe ya mwezi ujao.

Na kwa kuwa ni binti: kama kwenye pakiti yake pameandikwa valproeti, mwoneni daktari wiki hii mkizungumzie. Dawa hiyo hudhuru mtoto tumboni, na Shirika la Afya Duniani linataka wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba wasianzishiwe. Lakini asiiache mwenyewe. Kabamazepini nayo hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Wahudumu wengi hawalisemi hili mpaka waulizwe.

Tarehe 26 Machi ni Siku ya Zambarau. Tununue riboni ngapi? (Kikundi cha wazazi, Fort Portal)

Siku hiyo ya kuelimisha watu kuhusu kifafa ilianzishwa mwaka 2008 na msichana wa Kanada, Cassidy Megan, aliyekuwa na kifafa mwenyewe na alitaka wenzake wajue hawako peke yao. Lengo lake naliheshimu. Ila fedha ya riboni nyingi inaweza kununua saa za ukutani na mikeka ya kufanyia mazoezi ya kugeuza ubavu shuleni. Nunueni riboni 10 kwa ajili ya picha, iliyobaki muifanyie hilo. Siku yenyewe anzeni mazoezi saa mbili asubuhi. Machi mvua kwenu hupenda mchana.

Je, tunaweza kukusanya michango kwenye kasha? (Soroti)

Hapana. Kanuni zinakataza, na fedha ndani ya chupa isiyo na mlinzi italeta kesi.

Mume wangu hataki mtoto atoke nje, anasema watu watamcheka. (Arua)

Hofu yake haikutoka hewani, wapo watakaocheka. Usianze na umati. Chagua nyumba tatu za jirani mnazoaminiana nazo, ficha kasha moja katika kila ua, na kabla watoto hawajaanza kutafuta, mama au baba wa nyumba hiyo ajifunze kumgeuza mtu ubavu na kuhesabu dakika 5. Umfundishe wewe, mumeo awepo. Mtoto akianguka kwenye ua wa pili, mwenye nyumba atajua la kufanya, na mumeo ataona kwa macho yake. Baada ya hapo ongezeni nyumba ya nne.

Mimi ni bodaboda, nina kifafa ila nameza dawa. Naweza kuwabeba watafuta makasha? (Mbarara)

Usiendeshe. Si wao, si abiria mwingine yeyote, mpaka daktari wako akuandikie kwamba umekaa muda wa kutosha bila mshtuko. Ujuzi wako wa njia za Mbarara unauzika hata kwa miguu: kuwa kiongozi wa watafutaji, panda takisi pamoja nao, na hakikisha angalau wawili kati yao wanajua unakoweka dawa zako na wafanye nini ukianguka.